Kitanda cha Ilie

Tulikubaliana kwa barua: saa tano za kazi kwa siku,
nami nipate chakula na kitanda kando ya jiko.
Ng'ombe hakuisoma barua hiyo.
Alizaliwa Alhamisi, wakamwita Joiana,
yaani wa Alhamisi, na kila alfajiri
hunichapa mkia usoni kama karani
anayegonga muhuri: limekataliwa.

Brescia niliuza bima miaka tisa,
bima ya paa, ya bomba, ya jokofu,
vitu ambavyo nisingeweza kuvitengeneza hata kimoja.
Nikaja huku Maramureș nijifunze kula nilichokifanya.

Sikujua kukamua. Nilivuta.
Nastasia akatikisa kichwa, akashika kidole gumba changu,
akakikunja, akakibana kwenye kiganja:
si kuvuta, ni kufunga mlango,
juu kwanza, kisha chini,
maziwa yakose pa kurudi.

Nilikuwa na daftari. Nikaandika: chumvi, gramu ngapi?
Akachota kwa kiganja. Nikauliza kwa vidole: viganja vingapi?
Akaonja maji ya matango, akaongeza, akaonja,
akafunika kwa shibiti na jiwe la mtoni.
Nikaandika: mpaka uso wake ulegee.

Wiki ya tatu Joiana alilila daftari,
kurasa za mkate zote na nusu ya jibini.
Jioni nilionja maziwa kwa makini.
Hayakuwa na lolote la kuniambia.

Julai ikaja, na nyasi zikatufika kifuani.
Mteremko huu hauna mashine inayoupanda.
Gavril, shemeji yake, goti limemgoma tangu mgodini,
akakaa chini, akazika fuawe dogo ardhini,
akalaza ulimi wa mundu juu yake, akagonga.
Tin. Tin. Tin.
Kilima cha pili kikaitika, kisha cha tatu:
kila nyumba inafua makali yake kabla ya umande.
Wazee watupu. Nilizihesabu nyundo kwa masikio,
kumi na moja.
Za zamani je? Gavril alikunjua viganja, akafumba, akakunjua,
hadi nikaona haya kuendelea kuhesabu.

Nilikata mawe. Nilikata vilima vya fuko.
Nilikata hewa, na kidogo nikate buti.
Mundu wa mpini mrefu haupigwi,
unaachwa upite, tumbo lake likilala chini;
ukipigana nao, saa mbili asubuhi umeshashindwa.

Buti zenyewe ni za Ilie, mwana wa Nastasia,
namba arobaini na tatu; ncha nimezijaza magazeti.
Kitanda ni chake. Ukutani ameacha
picha ya timu ya mpira na msumari usio na kitu.
Yuko wapi? Brescia.
Nilicheka nilipoambiwa, kisha kicheko kikaisha chenyewe.
Anabandika vigae katika mabafu ya watu,
labda la jirani yangu,
labda langu; sikumbuki kama nilimtazama fundi usoni.

Jumapili hupiga simu. Mama akichoka kulia, ananipa mimi.
Ana lafudhi ya mtaa wetu hasa, hadi vile tunavyomeza maneno.
Mkate unaumuka?
Unaumuka.
Matango?
Bado siku tatu.
Na mundu, umeshajua kuufua?
Nikasema, kwa fahari ya mtoto wa darasa la kwanza:
jana, peke yangu, na ulikata.

Kimya. Nikasikia lori likipita barabara ninayoijua.
"Mimi baba alitaka kunifundisha," akasema.
"Nikamwambia msimu ujao."
Kisha, kama anayeuliza bei ya sabuni:
"Nyundo unaishika mkono gani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza.
Nikatoka na simu hadi uani, nikachuchumaa mbele ya fuawe,
nikaokota nyundo jinsi Gavril anavyoiokota.
Maisha yangu yote nimeandika kwa mkono wa kulia.

"Wa kushoto," nikasema.

"Ndiyo," akasema Ilie. "Wote kwetu ni wa kushoto."
Na hakukata simu.