Nukta na Mkato

Kraków, Februari. Theluji imekuwa tope
kwenye ngazi za kituo, na mimi, Jagna Wilczek,
mwanafizikia wa zamu ya usiku,
natafuta mahali pa kuisimamisha protoni
ndani ya kichwa cha mtoto wa miaka saba.

Eksirei hupita. Huingia huku, hutokea kule,
kama mgeni asiyefunga mlango.
Protoni haina tabia hiyo.
Husafiri ikigusa kidogo njiani,
kisha, inapokaribia kuchoka kabisa,
hutua mzigo wote kwa mkupuo,
na baada ya hapo hakuna kitu.
Nukta.

Mwongozo unasema: zidisha kwa moja nukta moja.
Yaani pigo la protoni ni pigo la eksirei
na sehemu ya kumi juu yake.
Nambari hiyohiyo kwa mfupa na kwa ubongo,
kwa mwanzo wa njia na kwa mwisho wake.
Tumeirithi kama viatu vya marehemu baba:
vinabana, lakini ndivyo vilivyopo.

Seli za kwenye sahani za kioo hazikusoma mwongozo.
Pale mwishoni, milimita tatu za mwisho,
nyuzi zote mbili za DNA hukatika mahali pamoja
na fundi wa seli hapati ncha ya kuungia.
Moja nukta tatu, pengine. Moja nukta saba.
“Pengine” haliandikwi kwenye faili la mtu.

Na nyuma ya uvimbe wa Kalina
kuna shina la ubongo. Humo imekaa pumzi,
na kumeza mate, na jicho kugeuka
ukiitwa jina.

Mama yake alinisimamisha kwenye korido,
chai imepoa katika kikombe cha karatasi:
“Hiyo mashine inajua pa kuishia?”
Nikasema inajua. Sikumwambia
kwamba kujua pa kuishia
na kujua kutauma kiasi gani
ni elimu mbili.

Saa nane usiku nikauzungusha mwale.
Nikaiacha pembe iliyopendeza kwenye skrini,
nikazichagulia protoni kifo cha pembeni,
mbali na shina, hata kama njia ni ndefu.
Daktari Gniewomir akakuna kidevu:
“Mpango wa jana ulipita.”
“Ulipita kwenye karatasi,” nikasema. Akasaini.

Asubuhi thelathini. Barakoa ya plastiki
aliyoichora mbweha mwenyewe, masikio yamepishana.
Nywele zilianguka upande mmoja tu.

Leo, mwaka na miezi miwili, picha ya sumaku:
uvimbe haupo. Ukingoni,
kitone cheupe, punje ya mtama.
Labda ni jeraha letu. Labda si kitu.
Turudie baada ya miezi mitatu.
Siwezi kuapa kwamba pembe yangu ilimwokoa,
wala kwamba ile ya kwanza ingemdhuru;
sina Kalina wa pili wa kulinganisha naye.

Yeye amepanda kiti changu, anazunguka,
kope la kushoto limelegea kidogo.
Anasoma karatasi iliyo mezani.
“Hapa umekosea,” anasema, kidole juu ya 1.1.
“Shuleni hatuweki nukta katikati ya nambari.
Tunaweka mkato.”

Nikachukua kalamu, nikasahihisha.