Tangi la Nne

Saa kumi na moja alfajiri, Tukuyu haijaonekana.
Ukungu umeketi juu ya bati kama mgeni asiyeaga.
Navua kandambili, naingia kwenye mabuti,
mabuti yanaingia kwenye beseni la jiki.
Mlango wa kwanza. Ngoja. Mlango wa pili.

Chura mmoja, glovu mpya. Ndiyo sheria.
Namshika kama neno ambalo sijaamua kulisema:
nisiminye, nisiachie.
Kijiti cha pamba mara tano tumboni,
mara tano kila paja, kisha katikati ya vidole
ambavyo ukivikusanya vyote havijai ukucha wangu.
Anakojoa kiganjani. Ni haki yake.

Mama hupiga simu kutoka Katumba: "Subilaga,
ulisoma miaka yote ile uje kupangusa vyura?"
Ndiyo, mama. Na mshahara umeingia.
Anacheka, kisha anauliza bei ya viazi mjini.

Wahenga walisema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Ila hawakutuambia
kimya chake kinazuia nini.
Jumanne tangi la nne halikulia.
Wamenona, wanaruka, wanadaka nzi,
hakuna jicho lililofifia, hakuna paja lenye wekundu.
Wazima, kwa macho.
Lakini kirusi hakibishi hodi machoni.

Mashine inapasha, inapoza, inapasha,
mizunguko arobaini,
na kila mzunguko kilichojificha kinajizidisha.
Umeme ukakatika kwenye wa kumi na tisa.
Ambakisye akaivuta kamba ya jenereta mara sita,
tukaanza upya na tone lililobaki,
mimi nimekaa juu ya ndoo, nahesabu.

Kwenye wa thelathini na moja mstari uliinuka.
Haukuruka. Uliinuka polepole,
kama mwanafunzi aliyeitwa jina akijua kosa lake.
Mstari wa maji matupu ulilala.
Wa tangi la tano ulilala.
Wa nne ulisimama.

Hapo nikaukumbuka wavu.
Ijumaa ya msiba wa baba yake Ambakisye,
nikiwa na haraka ya kuwahi gari la Kyela:
vyura wapya kutoka bondeni, siku yao ya tatu karantini,
wavu mmoja, matangi mawili.
Hakuna aliyeniona.
Nimeandika kwenye daftari, kwa wino:
tarehe, saa, wavu, mimi.

Sasa tangi la nne lina chumba chake, ndoo yake,
uzi mwekundu kwenye mpini wa wavu wake.
Kesho nitawapangusa tena wote thelathini na wawili,
na vichupa vitapanda basi la Morogoro
vikiwa vimelala kwenye barafu, wapimaji wengine waseme.
Dawa hatuna. Tuna jiki, tuna kungoja.

Nilipozima taa, mmoja alilia.
Mara moja tu.
Sijui kama ni habari njema.
Nimewasha taa tena, nimeliandika na hilo.