Kikulacho na Nguo

Kipande namba mia nne na kumi na mbili,
chembamba kuliko unywele uliochanwa mara kumi.
Nimekitia rangi, nimekilaza chini ya hadubini.
Upanga, saa nane mchana; feni inahamisha joto tu,
jenereta bado halijaamua kama litaamka.

Hii ni kongosho ya fundi Shomari Pazi.
Alipoambiwa jina lake alicheka:
"Nimeshona Mtaa wa Kongo miaka thelathini na moja,
hiyo Kongosho iko kona gani?"

Iko hapa, fundi.
Nilidhani saratani itajaa kama Kariakoo mkesha wa Idi.
Naona uzi. Uzi, uzi, uzi wa bluu,
majora ya kovu yamebanana,
na katikati, kwenye vijivyumba vichache,
wenye nyumba.

Hata hao si wote wa kuogopwa.
Wapo wachache, seli shina,
labda mmoja katika mia.
Hawana haraka. Dawa ikibisha hodi, hulala.
Watoto wanakufa, wajukuu wanakufa,
wao huamka baadaye, huhesabu, huzaa upya.

Nani kawafundisha subira hiyo?
Mtaa.
Seli za nyota, zilizojikalia na akiba yao ya mafuta,
ziliitwa, zikaitika, zikaanza kufuma.
Walinzi wa damu walikuja na marungu,
wakakaribishwa ndani; sasa wanawapikia uji.
Mishipa imeminywa, hewa haba,
na dhiki ambayo ingemuua mwingine
inawanong'oneza: msikomae, bakini shina.

Kikulacho ki nguoni mwako, tulifundishwa.
Hakuna aliyeuliza nguo yenyewe
inamlisha nini huyo mdudu.

Dokta Nkya, bado kijana, anataka kuchana yote:
"Tubomoe ukuta, dawa ipite."
Kuna waliojaribu, kwenye panya.
Ukuta ulianguka,
wafungwa wakatoka mbio.
Fundi angelijua hilo bila hadubini:
pindo likifumuka, huvuti uzi.

Nimeandika ripoti, mistari minne.
Fomu haina nafasi ya mtaa.

Suruali niliyovaa ni kazi ya mkono wake.
Nageuza kiuno, natazama ndani:
kitambaa cha ziada, inchi nzima, kimekunjwa kwa siri.
"Mwili hubadilika," alisema,
sindano midomoni,
bila kuniangalia.