Sabrá

Jumanne jioni, ghala la ushirika, Mbale.
Magunia yamepanda hadi dirishani
na Masolo anaandika kwa chaki ubavuni mwa mizani,
maana ubao umeazimwa na kwaya.
Saber, anasema. Kujua.
Kihispania alikiokota Kuba, alikokwenda kusomea meno
akarudi na koleo moja na vitenzi tele.

Wakati ujao wake ni mtukutu:
si saberé, ni sabré.
Ile e ya katikati imemezwa.
Nikacheka. Kwani nani hapa sokoni husema nitajua?
Ntajua, twasema, ntakuja, ntalipa kesho;
i yetu ilishuka kooni zamani
wala hatukuikalia matanga.

Naandika daftarini, nyuma ya hesabu ya kilo:
sabré, nitajua,
sabrás, utajua,
sabrá...
Masolo anainua kidole cheupe.
Hapo pole pole. Hiki kina matumbo kama ng'ombe.
Sabrá, atajua.
Sabrá, itakuwa na ladha.
El café sabrá a limón:
kahawa itakuwa na ladha ya limau.

Nandudu wa uhasibu hakubali.
Kitenzi kimoja kinakula sahani mbili?
Lakini mbona wewe, namwambia, unaona baridi,
unaona njaa, unaona haya,
na jicho lako halijawahi kudai nyongeza?

Mimi Khainza, kazi yangu ulimi.
Kila asubuhi vikombe ishirini na kijiko kimoja;
navuta kwa mluzi, natema kwenye ndoo,
naandika: chungwa, sukari guru, moshi, gunia bichi.
Machi wanakuja wanunuzi wa Bilbao
nami sitaki mkalimani anitafunie.
Miaka tisa nalipwa kwa kuonja,
na hakuna aliyeniambia wapo watu
ambao kwao kuonja na kujua vinapikwa chungu kimoja.

Baba, kule Bulucheke, amechuma buni miaka arobaini
bila kunywa kikombe chake.
Kahawa ni ya karo, husema, si ya koo.
Mwaka juzi nilimpelekea, nikamkaangia mwenyewe.
Akavuta funda, akakunja uso:
Yaani hiki ndicho wanachovukia bahari?
Akaomba chai.

Liko tumbo la tatu, anasema Masolo, na taa inapepesa.
Wakati ujao wa kukisia.
Sabrá: huenda anajua. Leo, sasa hivi, si kesho.
Darasa linaguna. Kalamu zinalala.
Mimi peke yangu sikuhitaji mfano.

Usiku ule mlima ulipoachia
ukaondoka na zizi, na mgomba, na Wetaka mdogo wangu.
Viatu vyake vilibaki kizingitini, kimoja kimefungwa kamba.
Baba hajawahi kusema alikuwa.
Husema: Atakuwa amefika Mbale.
Atakuwa amepata kibarua.
Atakuwa hana nauli.
Hiyo -ta- yake haielekei kesho hata kidogo.
Inageuka, inashika jembe, inarudi topeni.

Sentensi moja moja, kila mtu, anasema Masolo.
Nandudu: Sabré cocinar, nitajua kupika,
na wanaomfahamu wanapiga makofi ya kejeli.
Zamu yangu. Naandika: Mi padre sabrá.
Masolo anainamisha kichwa.
Baba atajua? Baba huenda anajua?
Au baba ana ladha, na kama anayo, ya nini?
Ghala zima linacheka, nami nacheka nao,
kisha nachelewa kuacha.

Ya nini. Moshi wa kuni.
Majani ya chai yaliyochemshwa mara mbili.
Mengine siyajui kwa lugha yoyote.

Mvua inaanza juu ya mabati, somo linakwisha kwa kupayuka.
Masolo anafuta mizani kwa mkono wa shati
lakini chaki imeingia kutuni;
sab inabaki, na kimkia cha r.
Kesho saa moja gunia la kwanza litapandishwa hapo
na mtu ataita kutoka mlangoni: sitini na kitu,
na mimi nitaandika sitini,
halafu nitauliza, na ngapi?