Usikaze

Mama Nyangeta hununua chuma kwa kilo,
hakiulizi kilikotoka.
"Jumatatu gesi inakuja," kaniambia,
"lakini lichunguze kwanza ujue ni trekta gani,
kama lina kitu cha kuuza kabla halijakatwa."
Akarudi kwenye mizani yake,
Vingunguti ikinuka ngozi mbichi na kutu.

Kibati cha jina kimeng'olewa.
Yamebaki matundu manne ya ribiti,
kama sikio lililouziwa hereni.

Nikakwaruza rangi kwa kisu:
nyekundu ya juzijuzi, iliyopakwa kama kwa ufagio,
chini yake buluu,
chini ya buluu kijivu, rangi ya kuzaliwa.
Kwenye ekseli ya nyuma nyuzi za mkonge
zimejisokota zikawa ngumu kama kucha.
Basi liliwahi kulima mashamba.
Au ni kamba tu ya mtu aliyefungia mbuzi hapa
mwaka jana. Nikaandika vyote viwili.

Matangi mawili.
Dogo, la ukubwa wa birika;
kubwa limelala mgongoni mwa injini.
Hapo nilikwama hadi adhuhuri,
nikifuata mabomba kwa kidole
kama anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mgonjwa,
mpaka Kibwana, aliyekuwa akichochea uji, akasema:
"Si kama jiko? Unaliamsha kwa kitu chepesi.
Likishashika ndiyo unalipa mkaa."

Ndivyo. Petroli ya kuamshia, kidogo, ghali.
Likipata joto unageuza koki,
unalipa mafuta ya taa, linalima hadi magharibi.
Na lile turubai lililokunjwa mbele ya rejeta,
nililodhani mfuko wa spana,
ni pazia: huvutwa juu injini isipigwe na baridi.
Baridi!
Tulicheka, fulana zimetuganda mgongoni.

Nikafungua plagi zote nne,
nikaziba tundu la kwanza kwa kidole gumba.
Kibwana akazungusha hendeli kwa mikono miwili.
Sikutegemea kitu.
Pumzi ikakisukuma kidole: fyuu.
La kwanza. Kisha la tatu. La nne. La pili.
Moja, tatu, nne, mbili,
nikairudia hadi nyumbani
kama mtoto aliyefundishwa kuhesabu na mlevi.

Leo asubuhi nimefungua kifuniko cha ubavuni.
Ndani, vyuma viwili kwenye shafti moja.
Mwendo ukizidi vinatanua viwiko,
vinavuta fimbo, fimbo inabana mafuta;
mwendo ukipoa vinakunja viwiko, mlango unafunguka.
Chuma kinachojikanya chenyewe.
Ningekuwa nacho kimoja kifuani
ningekuwa na nyumba sasa.

Gasketi yake si ya kiwandani.
Ni soli ya kandambili, iliyokatwa kwa wembe,
vitone vya kuzuia utelezi bado vinahesabika.
Na upande wa ndani wa kifuniko,
mahali ambapo hakuna anayeangalia
ila mwenye shida kama yangu,
mtu amekwaruza kwa msumari,
Z yake imegeuka nyuma mbele:

USIKAZE SANA. INA UFA.

Hakuandika jina. Hakuandika mwaka.
Nikapitisha ukucha ukutani mwa injini nikauona,
mwembamba, unashuka kutoka tundu la bolti
na kusimama katikati,
ulipoambiwa usimame.

"Umelijua?" akauliza Mama Nyangeta, kalamu sikioni.
Nikamwambia difu ni nzima, gia ni nzima,
magneto itapata mteja Gerezani.
Akaandika. "Na la kampuni gani?"
Nikasema sijui, na ni kweli.

Alipoondoka nikafuta vumbi kwenye soli,
nikakirudisha kifuniko.
Bolti tatu; ya nne haikuwepo tangu zamani.
Kesho ni Jumapili, keshokutwa gesi.
Nilizikaza kwa vidole tu,
spana nimeikalia.