Ufa Namba Saba

Entebbe, ghala la sampuli, saa nne usiku.
Mche wa jiwe umelala sandukuni
kama mche wa sabuni uliosahaulika dukani.
Naudondoshea tone la maji. Linanywewa.
Huu ni wa mchanga: una kiu, una nafasi.
Naudondoshea wa pili. Tone linasimama,
duara, linaniangalia.
Huu ni wa mfinyanzi. Huu ndio mfuniko.

Kazi yangu ni hiyo, chungu na mfuniko
chini ya Ziwa Albert,
kilomita mbili kwenda chini, nisikowahi kufika.
Nina visima vinne na mwangwi wa mitetemo.
Kati ya kisima na kisima ni kukisia,
na kukisia huko tunakuita modeli,
tunakupaka rangi: njano ya mchanga, kijivu cha tope,
nyekundu kwa nyufa.

Humo tutaisukuma hewa ukaa,
moshi wa viwanda ambavyo bado havijajengwa,
ikae. Miaka elfu, ikae.

Bwana Anguyo ameandika: “Ufa namba saba, ufunge.
Ripoti ni Ijumaa.”
Kufunga ufa ni kubadili tarakimu moja.
Sifuri, basi, hakipiti kitu.

Lakini namba saba naujua.
Unatokeza Kibiro, chini ya genge,
kwenye bustani ya chumvi ya shangazi Kabanyomozi.
Maji ya moto hupanda humo usiku na mchana,
naye hutandaza udongo mkavu juu ya unyevu,
jioni akaukwangua, akauchuja,
kama mama yake, kama mama wa mama yake.
Utotoni nilimuuliza nani anachemsha huko chini.
“Sijui, Akiiki,” alisema. “Ila hajawahi kulala.”

Nikaweka tarakimu nyingine. Si kubwa. Ya mashaka.

Feni ya kompyuta ikalia.
Mwaka wa kumi, hewa imetulia.
Mwaka wa mia, imejibanza chini ya mfinyanzi
kama popo darini.
Mwaka wa mia nne na kumi na mbili
uzi wa kijani ukapata njia,
ukaanza kupanda, bila haraka,
kuelekea bustani.

Huenda nimekosea. Modeli haiwezi kuapa.
Na mwaka huo nani atakuwa anachuja chumvi,
atamwita nani Akiiki?

Nimemjibu Bwana Anguyo neno moja:
“Haujafungika.”

Tone juu ya mfinyanzi bado lipo.
Limepungua kidogo.
Labda ni joto.