Batobato

Mama aliung'oa mkunde wenye batobato
kwa mikono miwili, mizizi na yote,
akautupa nje ya mpaka wa shamba
kama anayemfukuza mwizi na mfuko wake.
Usiuonee huruma, alisema.

Leo niko Norwich. Nje
mvua ya Novemba haina haraka.
Ndani, chini ya kioo, ni joto la kwetu,
nami nimevaa glavu, kidole kina unga wa msasa.
Nasugua jani la mkunde taratibu,
kama unavyompaka mtoto mafuta,
hadi lipate mikwaruzo isiyoonekana,
milango midogo.
Kisha naukaribisha ugonjwa.

Siku ya kumi majani yamekunjamana,
kijani na manjano, ramani ya nchi isiyokuwepo.
Natabasamu.
Mama angenizaba kofi.

Tunavuna, tunagandisha, tunasaga, tunachuja,
tunachuja tena,
mpaka kitalu kizima kinaingia kwenye kichupa
na bado kuna nafasi.

Gethin ananichorea nyuma ya bahasha:
kirusi hiki hakina ufunguo wa nyumba yetu.
Kikidungwa ndani ya uvimbe hakizaliani,
kinakaa tu, mgeni asiyejua lugha,
ila ugeni wake unapiga kelele.
(Mgeni anavyotazamwa mlangoni, hilo nalijua.)

Kikulacho ki nguoni mwako, nikamjibu,
nikahangaika kumfasiria.
Saratani imevaa nguo zetu, ina lafudhi yetu,
askari wa zamu wanaipigia saluti
na kurudi kusinzia.
Anapoingia huyu mwenye harufu ya shamba
wanakurupuka, wanawasha taa,
na taa ikishawaka
wanamwona na yule mwingine.

Mgonjwa niliyemwona kwa macho yangu ni mbwa,
wa Doreen wa kantini. Jina lake, ukilitafsiri, ni Achari.
Uvimbe kwenye ufizi, mkubwa kama tende.
Wiki ya tatu ukawa njugu.
Wiki ya saba hatujui.
Doreen anamkatia soseji vipande vidogo,
na sisemi amepona, hakuna aliyesema.

Jumapili nampigia Mama.
Yaani umepanda ndege kwenda kulea batobato?
Ndiyo, Mama.
Anacheka mpaka anakohoa,
halafu nasikia sufuria ikifunikwa.
Baba yako lake lilikuwa hapa, anasema,
na ingawa simwoni najua anagusa shingo.
Na ile mikunde ilikuwa nyuma ya dirisha lake.
Hatua ishirini. Ishirini na mbili kwa miguu yangu.

Mama, si hivyo. Jani bichi halitibu kitu,
kuna mashine, kuna miaka, kuna watu wengi,
na hata sasa bado...

Najua, ananikatiza.
Nahesabu hatua tu.